Ala Inayotokwa na Jasho

Jumamosi, 29 Novemba

Yahya ameshuka mnazini leo na kisu mdomoni. Sitanii. Nilikuwa nimempelekea chai na mihogo shambani kwa Mzee Abdulrazak, nikainua macho kwa bahati mbaya, nikamwona mume wangu huko juu, ameuma kisu kitupu kwa meno, makali yameelekea nje, anashuka kwa kamba ya miguuni. Kipande cha mpira wa baiskeli alichokuwa akichomekea kisu kiunoni kilikuwa kimekatika.

"Sasa ulitaka nikitupe?" akaniuliza alipofika chini. "Kimwangukie Shaaban?"

Shaaban, mwenzake wa kuangua nazi, alicheka mpaka akaketi juu ya rundo la nazi. Huyu Shaaban simpendi. Anacheka kila kitu na anakula kama vile kesho hakuna.

Huu ni mwaka wa tatu mimi ni mke wa mkwezi, na sijazoea. Yahya akipanda, tumbo langu linapanda naye. Akishuka, lenyewe linabaki huko huko mpaka jioni. Ndiyo maana mara nyingi sitazami. Leo nimetazama, na nimeamua. Nitamshonea ala ya ngozi, ala ya kweli, ya kukaa kiunoni na kisu kisichungulie popote.

Jumatatu, 1 Desemba

Ngozi ipo. Ni ya yule ng'ombe wa Idd ambaye mtaa mzima tulimchangia. Watu waligawana nyama mpaka kwato, ngozi ikakosa mwenyewe, nikaibeba mimi. Niliikwangua, nikaipaka chumvi ya hapa hapa kwetu Kivinje, nikaiwamba juani kwa vigingi. Tangu hapo inaning'inia jikoni, ngumu kama bati. Ukiigonga inalia.

Mwalimu wangu yuko kwenye simu: mzungu mmoja mwenye ndevu anayeshona ala huku anaongea Kiingereza bila kupumua. Simwelewi hata neno, ila mikono yake naielewa. Uzi mmoja, sindano mbili, moja kila ncha. Kila tundu zinapita zote mbili, hii ikitoka kushoto na ile ikitoka kulia, ili mshono mmoja ukikatika mingine isifumuke. Uzi nimepata wa nyavu. Matundu nitatoboa kwa msumari niliousugua kwenye jiwe.

Mama mkwe, Bi Sauda, amenikuta nimetandaza vitu vyangu barazani.

"Yahya yuko wapi?"

"Kazini, mama."

"Juu ya mnazi?"

"Ndiyo."

"Basi weka sindano chini. Mume akiwa juu ya mnazi, mkewe hashiki sindano. Kwetu ndivyo tulivyolelewa."

Nikauliza kwa nini. Akasema mwiko hauulizwi kwa nini. Nikaweka chini. Moyoni nilisema mengi.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimejichoma vidole vyote vya kushoto. Hakuna jingine.

Jumapili, 7 Desemba

Ala ya kwanza imekufa. Ngozi ilikuwa ngumu haikunjiki, nikailoweka kwenye beseni usiku kucha, asubuhi ikawa laini kama utumbo. Nikaikata, nikaikunja, nikaishona ikiwa bado mbichi. Ilipokauka ilibana kisu vizuri sana, nikaanza kujisifu. Yahya akachomoa kisu mara chache tu, mshono wote ukakatika kwa ndani. Makali yalikuwa yanapita juu ya uzi wangu kila kisu kikiingia na kutoka.

Nikarudi kwa mzungu. Kumbe ule ukanda mwembamba anaoubana katikati ya ngozi mbili, pale pembeni, haukuwa pambo. Makali yanakutana na ukanda, hayaugusi uzi. Nimemtazama mara nyingi akiuweka na nikauona urembo tu. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumamosi, 13 Desemba

Imekamilika! Ngozi mbili, ukanda katikati, mshono umenyooka, nta ya nyuki juu ya uzi. Yahya kaivaa kiunoni upande wa kulia, akatembea uani kama bwana harusi. Kisu kinaingia na kukaa. Ukiigeuza ala juu chini hakianguki.

Leo amepanda nayo. Shaaban naye kaja kula, kama kawaida, akasema, "Shem, nami nishonee bwana, mbona unanibagua?" Wakwezi wengine wawili wameniagizia.

Nimeshona ya Shaaban mchana, Yahya akiwa kazini. Nilijifungia jikoni Bi Sauda asinione. Mwiko wake sikuujali. Lakini nasema ukweli: kila nilipovuta uzi nilisikiliza nje.

Ijumaa, 19 Desemba

Mvua ya kwanza. Udongo umenukia vizuri.

Jumatatu, 22 Desemba



Asubuhi nilikwenda kukata ngozi iliyobaki jikoni. Nilipoishika, ilikuwa na unyevunyevu. Nikadhani paa linavuja. Nikatazama juu: kukavu. Nikaigonga, haikulia. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Ngozi ilikuwa inatokwa na jasho. Matone madogo yametoka yenyewe, na nilipoyaonja yalikuwa chumvi tupu.

Ni ile chumvi. Nani asiyejua kwamba chumvi kwenye kibuyu hulowa mvua zikianza? Mimi mwenyewe chumvi ya mboga huiweka karibu na meko msimu huu. Na ngozi hii niliishindilia chumvi, nikaikausha tu, basi. Niliiona kwa macho yangu kwenye beseni ikigeuka utumbo. Sikufikiri. Wakati wa jua niliona ugumu, nikauamini.

Nimechukua kisu cha jikoni nikakisukuma kwenye ile ngozi. Kimepita, na sikutumia nguvu.

Sasa ala zangu nne ziko viunoni mwa watu, na watu wako juu ya minazi. Ncha ya kisu inaelekea chini, kwenye paja. Mkwezi anashukaje? Anakunja magoti, ananyoosha, anakunja. Nimekaa chini kando ya meko nikashindwa hata kuchochea moto.

Jumanne, 23 Desemba

Nimezunguka mtaa mzima. Wale wakwezi wawili wamenirudishia ala zao, mmoja kanitazama vibaya. Shaaban nilimkuta kwa mama muuza chapati. Nilidhani atanitangaza Kivinje nzima. Akaivua, akainusa, akasema, "Fresh tu, shem. Ukitengeneza nyingine nishtue." Akarudi kwenye chapati yake.

Amebaki Yahya.

"Hii?" Akaigonga ala kwa kucha: ko, ko. "Mbona ngumu? Mimi nikirudi naitundika juu ya meko. Asubuhi imekauka."

"Asubuhi, sawa. Na mchana mvua ikinyesha?"

"Esha, nimewaambia watu mke wangu ndiye kashona. Leo niivue, watasemaje?"

"Watasema uko hai."

Akacheka, akanishika bega. Nimeogopa zaidi alipocheka.

Jumamosi, 27 Desemba

Asubuhi nimeibonyeza ala kabla hajatoka. Ngumu.

Jumanne, 30 Desemba

Ngumu.

Jumamosi, 3 Januari

Ngumu. Nimeanza kudhani labda mimi ndiye mwoga tu. Mama mkwe kaniuliza mbona kila alfajiri nasimama mbele ya meko na kubonyeza mali ya mume. Nimemwambia nakagua mshono.

Ijumaa, 9 Januari

Mvua tangu swala ya alfajiri. Hakuna aliyepanda. Nimelala mchana usingizi mzito, wa kwanza tangu mwezi uliopita.

Jumatano, 14 Januari

Ramadhani inakaribia na kila mwenye shamba anataka nazi zake ziteremshwe. Yahya anatoka gizani. Nimejaribu kuificha ala, akaikuta kwenye pipa la unga. Hakugomba. Aliifuta unga akaivaa, akaondoka, na mimi nilikaa nikijisikia mchawi.

Sasa nasema jambo la aibu. Nimeacha sindano. Akiwa juu sishiki hata ya kushonea kifungo. Mwiko ule niliudharau, na hofu imeniingiza humo kwa mlango wa nyuma. Mikono haina kazi, nasikiliza tu. Nazi ikianguka mbali nasikia puu, namshukuru Mungu kwamba ni nazi.

Bi Sauda ananitazama na hasemi kitu. Afadhali angesema.

Alhamisi, 22 Januari

Yahya yuko hai. Naandika hili kwanza.

Asubuhi ala ilikuwa ngumu. Adhuhuri ikanyesha mvua kubwa ya muda mfupi, kisha jua likatoka kali na ardhi yote ikafuka mvuke. Nilikuwa natwanga. Nikaona chumvi kwenye kibuyu kando ya meko: hata pale karibu na moto ilikuwa imelowa. Nikaacha mchi ndani ya kinu nikatoka kama nilivyo, kanga moja, miguu mitupu, mpaka shambani kwa Mzee Abdulrazak.

Nilifika Yahya akiwa kileleni. Shaaban alikuwa chini. Nikafungua mdomo nimwite, Shaaban akaniwahi, akaniziba kwa kiganja chake.

"Usimwite, shem. Akiwa juu haitwi. Atashtuka."

Nilijua. Kila mke wa mkwezi anajua. Nikanyamaza nikatazama, na sijawahi kutazama kitu kwa muda mrefu hivyo. Alikata kole moja, nazi zikaja chini. Akakata jingine. Akafuta kisu kwenye suruali. Akakichomeka alani. Akakumbatia mti, akakunja magoti kuanza kushuka.

Akasimama.

Nikaona kichwa chake kinainama kutazama paja. Akanyoosha miguu. Akakunja tena, akatoa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Kisu kilikuwa kimetoboa chini ya ala na kuingia pajani, na kila alipokunja goti alikuwa anajisukumia mwenyewe ndani. Alijaribu kuachia mkono mmoja akivute, mguu ukatetemeka, akaushika mti tena kwa mikono yote. Damu ikaanza kushuka kwenye shina, taratibu, ikiyafuata maji ya mvua.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye matope. Sikumbuki niliketi saa ngapi.

Shaaban hakucheka. Alikuwa ameshafunga kamba miguuni na anapanda mnazi ule ule, huku anasema kwa sauti ya chini, ya upole, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto: "Kaka, nipo. Nipo chini yako. Usikunje wa kulia. Acha wa kulia uning'inie. Nikanyage begani. Hapo. Nikanyage kweli, usinionee haya." Akamfikia, akampa bega, akamshusha hivyo, mguu mmoja wa Yahya na miwili yake, akisema naye muda wote. Mara moja tu alisema jambo jingine. Alisema, "Shem, usiangalie." Nikaangalia.

Walipofika chini Yahya alikuwa na rangi ya majivu. Shaaban akafungua mkanda wa ala, akachomoa kisu pajani, akamfunga paja kwa shati lake mwenyewe, akaita bodaboda. Ala ilibaki kwenye majani. Niliiokota. Ilikuwa laini, ya moto, imelowa, ukiikunja inakunjika. Mshono wangu ulikuwa mzima kabisa. Hata uzi mmoja haukukatika.

Ijumaa, 23 Januari

Hospitali wamemshona. Daktari anasema kisu kimepita kando ya mshipa mkubwa. Alinionyesha kwa kidole nafasi iliyobaki, nikamwomba asinionyeshe.

Yahya aliponiona alisema, "Nilijua inalainika."

"Ulijua?"

"Tangu wiki iliyopita. Mchana ilikuwa inalegea. Niliweka kipande cha kumbi la nazi ndani, chini pale, kiizuie ncha. Jana nadhani kiliteleza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshona kwa moyo sana."

Nimemfokea mbele ya wagonjwa wote. Nimemwambia adabu yake hiyo ingenifanya mjane, na kwamba mtu akitaka kunifurahisha asinifurahishe kwa kufa. Halafu nimelia mpaka nesi kanipa kiti.

Jumamosi, 24 Januari

Nilidhani Bi Sauda atanila nyama. Nimemweleza yote leo tukiwa wawili barazani: chumvi, na kwamba ile ya Shaaban niliishona jikoni mlango umefungwa, mwanawe akiwa juu.

Akasema:

"Nilikusikia. Unavyogonga ule msumari, nani asisikie?"

"Sasa ni mwiko ndio uliomchoma, mama, au ni chumvi?"

"Chumvi," akasema bila kufikiri. "Mimi, mwanangu, niliolewa na mkwezi, nikazaa mkwezi. Mama mkwe wangu alinipa ule mwiko wiki ya kwanza. Ukikaa unasubiri mtu ashuke, huna la kumsaidia hata moja. Basi unapewa jambo la kujizuia nalo. Nisiposhika sindano, najiona nimemlinda. Mikono imetulia, roho nayo kidogo inatulia."

"Na ilitulia?"

"Haijatulia mpaka leo."

Akaanza kulia, Bi Sauda, mwanamke ambaye niliishi naye miaka mitatu nikidhani hana machozi. Alikuwa anaogopa pamoja nami muda wote huo, ukuta mmoja tu katikati, na mimi nilimwita mkorofi. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

Jumatano, 28 Januari

Yahya karudi nyumbani. Anachechemea na ananuka dawa.

Jumamosi, 31 Januari

Yahya anasema ataanza kupanda tena kabla ya mfungo. Nimesema sawa. Nimesema pia kwamba hakuna kisu kitakachokaa kiunoni mwake bila ala, na ala hiyo nitaishona mimi. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Mama mkwe akasema, "Mwache."

Nimekwenda mjini Masoko kwenye mitumba, nikatafuta mpaka nikapata buti kubwa za mafundi, ngozi nene ya kiwandani iliyolishwa mafuta. Muuzaji kaniuliza mbona nainusa na kuilamba. Nilikuwa natafuta chumvi.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeshona barazani, mchana, mbele ya wote. Yahya alikuwa amelala mkekani karibu nami, kwa hiyo hata mwiko haukuwa na la kusema. Ukanda wa katikati nimeuweka mara mbili. Chini, pale ncha inapokaa, nimeongeza kisigino cha buti. Mkono wangu unatetemeka kila tundu, na nimegundua kwamba ukitetemeka unakwenda polepole, na mshono unatoka mzuri.

Jumatatu, 9 Februari

Ala mpya imelala ndani ya ndoo ya maji tangu juzi. Nimeitoa, nimeweka kisu ndani, nimekisukuma kwa mikono miwili kwa uzito wangu wote. Haikupita. Nimerudia. Haikupita. Sikuamini. Ile nyingine nayo ilikuwa ngumu asubuhi zote zile.

Alhamisi, 12 Februari

Sikulala vizuri. Kesho Yahya anataka kupanda. Ndoo siiamini, kidole gumba changu sikiamini. Alfajiri, mvua ya manyunyu, nikavaa ala kiunoni upande wa kulia, kisu ndani, nikaenda kwenye ule mnazi wa nyuma ya nyumba, mfupi wa kitamli, ambao hata watoto huupanda. Kwangu si mfupi. Mimi nikisimama juu ya stuli nasikia kizunguzungu.

Nilikuwa nahangaika na kamba Bi Sauda alipotoka na birika lake la kutawadhia. Nikasubiri anifukuze.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwa kanga utaanguka," akasema. "Kavae suruali ya mumeo."

Nikavaa. Akapiga goti matopeni, akanifunga kamba miguuni, fundo ambalo vidole vyake vililijua. Akanionyesha pa kuweka nyayo. "Kumbatia, kunja, nyoosha. Usitazame chini. Mimi niko hapa."

Nimepanda. Sijui kwa muda gani. Meno yalikuwa yanagongana, gome limenichuna kifua, nilikojoa kidogo na sijali. Kila nilipokunja goti nilingoja kuchomwa. Ncha niliihisi kupitia ngozi, kitu kigumu kinanisukuma paja, kinasukuma na kubaki pale pale. Nikakunja tena, kwa makusudi, kwa nguvu. Kikabaki pale pale. Nikafika kwenye makuti nikayashika, nikaanza kulia na kucheka pamoja, nimelowa, nimekumbatia mti kama mume.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Yahya alitoka anachechemea, mswaki mdomoni, akamtafuta mama yake kwa macho, kisha akafuata anakotazama mama yake.

Mswaki ulianguka. Akaja mpaka kwenye shina na mguu wake mbovu, akalishika kwa mikono miwili kana kwamba mnazi ndio utakaoanguka. Uso wake ulikuwa umepauka kuliko siku ile ya damu.

"Esha," akasema, na sauti haikutoka vizuri. "Esha, mke wangu. Shuka. Nakuomba, shuka."

Nilimtazama kutoka huko juu. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. Ala ilikuwa imara, kamba imara, mama yake yupo. Ningeweza kushuka wakati ule ule.

Nikamwacha aogope kidogo, kisha nikaanza kushuka.